Lori Linakunywa Maji, Mimi Nakunywa Ushauri

Ukitaka kujua mtaa una mafundi wangapi, washa lori la zamani linalotoa moshi. Watu ambao hawajawahi kushika spana wanasimama, wanakunja mikono, wanatikisa vichwa: "Hiyo gasketi hiyo." Hawajauliza moshi ni wa rangi gani wala injini ni ya baridi au ya moto. Gasketi tu, ile pakiti nyembamba inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu!

Jamani, moshi una rangi. Mweusi ni dizeli nyingi na hewa kidogo: anza na eya klina, chujio la hewa, halafu nozeli zinazopuliza dizeli. Wa bluu ni oili inaungua: piston ringi zimechoka, au sili za valvu, au tabo inayosukuma hewa kwenye injini. Mweupe ndio mkorofi. Ukitoka asubuhi ya baridi kisha ukakata, si neno. Ukikuwasha macho, hiyo ni dizeli isiyoungua. Wa lori langu haukati. Unatoka kutwa nzima na unanukia utamu utamu, yaani kulanti yangu, maji ya kupozea injini, naivuta kwa pua.

Maana kwenye rejeta, pale maji ya injini yanapopoozwa, haikai. Jioni najaza, kesho pana shimo. Chini hakuna tone. Pampu ya maji kavu, mipira kavu, hata zulia la kebini karibu na hita kavu kabisa.

Hapo washauri wakapamba moto. Mmoja anasema ng'oa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, utupe, lori litapoa. Litapoa nini? Injini inataka joto la nyuzi 80 na zaidi ndipo iunguze dizeli sawasawa. Mwingine akashika mfuniko wa rejeta injini inachemka, eti "tuone tu." Tuone nini bwana, uso wako unavyobabuka? Mle ndani maji yana presha!

Fundi mwenyewe, mzee asiyependa maneno, akasubiri injini ipoe. Akafungua mfuniko, akajaza maji hadi mdomoni, akasema, "Piga starti." Mapovu! Yanakuja mfululizo, maji yanarukia nje. Gesi ya silinda inapenya kwenye njia ya maji. Akarudisha mfuniko, na mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu kabla injini haijapata hata joto. Akazima, akavuta dipstiki: oili haijageuka rangi ya maziwa, yaani maji hayajaingia humo. Nikaanza kutabasamu.

"Usicheke," akasema. "Inaweza kuvuja kati ya silinda na maji tu, oili isijue lolote."

"Kwa hiyo ni gasketi, mzee?"

"Au hedi ina ufa. Au imepinda. Au laina, ukuta wa ndani wa silinda, imetoboka. Tukishafungua tutajua."

Tukishafungua! Nani aliwahi kufungua injini kuukuu akakuta habari njema?

Hedi ikashuka. Gasketi imeungua, alama nyeusi inaonekana waziwazi kutoka silinda hadi tundu la maji. Jirani kapita, kifua mbele: "Si nilisema?" Alisema, kweli. Lakini huyu hata baiskeli yake ikipata pancha husema gasketi.