Mtoto Akibanwa na Haja Tukiwa Madukani

Nimeishi kaskazini mwa Uingereza kwa miaka tisa, na kila ninapopiga simu nyumbani Dar es Salaam naulizwa habari za baridi, za kazi na za bei ya vyakula. Hakuna aliyewahi kuniuliza jambo ambalo, tangu nipate watoto, ndilo ninalolifikiria kwanza kabla hata ya kufunga mlango kwenda kununua mahitaji: mtoto akibanwa na haja katikati ya mji, utampeleka wapi? Nadhani hawaulizi kwa sababu wanaona jibu linajulikana, kwamba nchi tajiri ina vyoo kila kona, visafi, vyenye maji ya moto na sabuni. Nami nilikuja na imani hiyo hiyo. Leo nasema bila kusita kwamba, kwa mtoto mdogo, nimepata choo kwa urahisi zaidi Kariakoo kuliko katika mtaa wa maduka wa mji ninaoishi.

Jumamosi moja ya Februari 2023 niliwachukua wanangu wawili tukanunue viatu vya shule vya mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano. Mdogo wake wa kike alikuwa ametimiza miaka mitatu na alikuwa na wiki mbili tu tangu tuachane na nepi. Tulikuwa tunajaribu jozi ya pili aliponivuta koti na kuniambia, "Mama, mkojo." Mtoto wa umri ule akikwambia hivyo, hana dakika kumi, na pengine hana hata tano. Muuzaji, kijana mpole kabisa, aliniomba radhi na kusema duka halina choo cha wateja. Nilimsihi atusaidie kile cha wafanyakazi, akasema haruhusiwi, kwa kuwa njia ya kwenda huko inapita stoo na bima ya duka haiwahusu wateja wakiingia humo. Duka la pili lilinipa jibu lile lile. Nikakikumbuka choo cha umma, kijumba cha matofali nyuma ya kituo cha mabasi ambacho nilikitumia sana miaka yangu ya mwanzo. Tulikikuta kimefungwa kwa kufuli, na tangazo mlangoni likituelekeza kwenye choo kingine ambacho kwa mwendo wa mtoto hakifikiki chini ya robo saa.

Binti yangu alikuwa amevaa suti ya baridi yenye zipu ndefu kuanzia shingoni, suruali ya sufu ndani yake, na soksi za kubana hadi kiunoni chini ya suruali hiyo. Hata tungekifikia choo, kumvua vyote hivyo ni kazi ya dakika nzima, na yeye hakuwa nayo. Alijilowesha tukiwa kwenye kivuko tunasubiri taa ya waenda kwa miguu iwake kijani. Hakulia. Alisimama miguu ameitanua, akaniambia kwa sauti ndogo, "Samahani, mama." Mtoto wa miaka mitatu hakuwa na kosa lolote la kuliombea samahani pale, na nilimwambia hivyo, lakini niliona kwamba hakuniamini.

Baadaye nilitaka kujua ni nani hasa aliyewajibika kuwa na choo mahali pale, na nilichokikuta kilinishangaza. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1936, ambayo ndiyo msingi wa jambo hili hapa England, inazipa halmashauri uwezo wa kujenga na kuendesha vyoo vya umma, lakini haizilazimishi kufanya hivyo. Bajeti inapobana, zipo huduma ambazo halmashauri haiwezi kuzigusa kwa sababu ni wajibu wake kisheria, na zipo zile ambazo inaweza kuzifunga bila kuvunja sheria yoyote. Choo kiko katika kundi hili la pili. Sheria hiyo ilipotungwa iliruhusu pia halmashauri kutoza ada ya vyoo, isipokuwa sehemu za kukojolea za wanaume, maana yake ni kwamba mama mwenye mtoto mkononi aliweza kudaiwa sarafu mlangoni wakati mwanamume alipita bure. Wales walijaribu kurekebisha mambo kwa sheria yao ya mwaka 2017, inayozitaka halmashauri ziandae mpango wa vyoo vya eneo lao, lakini kuandaa mpango si sawa na kufungua mlango. Kuhusu duka la nguo au la viatu, sheria hailidai choo cha wateja hata kidogo.

Sitaki kuficha mazuri yaliyopo. Stesheni kubwa za reli ziliacha kutoza ada ya vyoo kufikia mwaka 2019, na ukilifikia jengo kubwa la maduka utakuta chumba cha familia ambacho mtu aliyekisanifu bila shaka alimfikiria mtoto: bakuli la choo la kimo cha chini, beseni la kunawia ambalo mtoto wa miaka mitatu analifikia mwenyewe, meza ya kubadilishia nepi, kiti cha mama anayenyonyesha, na mlango unaopitisha kigari cha watoto wawili. Dosari yangu kwake ni moja, nayo ni ile sensa (kifaa cha kuhisi mtu akiinuka) inayomwaga maji yenyewe. Mtoto mwepesi haioneshi kwamba bado amekaa, maji yanamwagika chini yake kwa kishindo, na kuanzia hapo hataki tena kukikalia. Siku hizi ninaiziba kwa kipande cha karatasi kabla hajaketi. Lakini majengo hayo yako pembezoni au katika miji mikubwa, na mtu anayenunua mahitaji yake katika mtaa wa kawaida hayafikii.

Desemba ya mwaka huo huo tulikwenda nyumbani likizo. Siku moja, jua la saa saba likiwa kali, nilikuwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na binti yangu, katikati ya machinga, mikokoteni na wapita njia, nikichagua vitenge katika fremu moja nyembamba. Sikuwa nimenunua kitu bado. Aliponinong'oneza, moyo ulinishtuka kama ulivyonishtuka kule kwenye duka la viatu, kwa sababu mwili hukumbuka. Mama mwenye duka aliona uso wangu kabla sijafungua mdomo.

"Mtoto kabanwa?"

"Ndiyo, mama. Choo cha karibu kiko wapi?"

"Choo gani tena cha kutafuta, na mtoto huyo? Wewe, Juma, mfuate yule fundi juu akupe ufunguo. Haraka!"

Tulipanda ngazi za giza hadi ghorofa ya pili, mama mwenye duka akiwa mbele na duka lake ameliachia jirani. Kilikuwa choo cha kuchuchumaa, na kandambili mbili ziliwekwa mlangoni, pipa la bluu la maji kando na kopo lililokatwa kutoka dumu la mafuta. Sakafu ilikuwa imelowa, lakini kwa maji safi. Binti yangu, ambaye maisha yake yote alikuwa akikaa juu ya kiti cha choo, alilitazama lile tundu akarudi nyuma na kuishika kanga yangu. Mama yule alivua viatu, akavaa kandambili, akachuchumaa mwenyewe mbele ya mtoto na kumshika chini ya makwapa. "Nishike shingo, mwanangu. Huanguki, mimi nipo." Binti yangu akakojoa ameifumbata shingo ya mtu ambaye dakika tano zilizopita hakumjua. Tukamtawaza kwa kopo, tukashuka. Nilipotaka kumpa chochote, alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Hapo ndipo wengi wetu tunaoishi ughaibuni hukomea, tukasifu utu wa nyumbani na kufunga mazungumzo. Mimi siwezi kukomea hapo, kwa sababu mlango ule ulifunguka kwa ajili ya mtoto. Nilipobanwa mimi, saa moja baadaye, nilielekezwa choo cha kulipia. Nililipa shilingi 300 kwa kijana aliyeketi mezani, nikapewa karatasi iliyokunjwa mara mbili, nikaingia chumba kisicho na komeo ambamo nililazimika kuuzuia mlango kwa mguu mmoja na kuning'iniza mkoba shingoni kwa kuwa hapakuwa na hata msumari ukutani. Ndoo ya maji ilikuwa imebakiwa na tope chini. Wifi yangu anafanya biashara si mbali na hapo, na aliniambia kwamba hanywi maji tangu asubuhi mpaka afike nyumbani jioni, miaka yote hiyo, ili asikihitaji choo kile. Ana maumivu ya njia ya mkojo yanayomrudia kila mara. Nilipomsikia nilitamani yule mama wa vitenge angekuwa jirani yake, na papo hapo nikaona udhaifu wa matamanio yangu, maana afya ya mtu haiwezi kutegemea amepangishwa fremu karibu na nani.

Hata kwa watoto wenyewe, wepesi ninaousema una kikomo. Mtoto wa kiume huambiwa ajisaidie hapo ukutani, chini ya maandishi yanayotishia faini, na hakuna anayegeuka kumtazama, wakati maji ya mtaro ule yanapita kandokando ya magunia ambayo nyanya zimetandazwa juu yake. Sikumruhusu mwanangu, na nilionekana mtu wa kujidai. Binti akifika miaka minane au tisa hana ukuta wala mtu wa kumshika. Anaanza kujibana kama shangazi yake. Na safarini mikoani bado tunakwenda "kuchimba dawa" vichakani, jina zuri kwa jambo ambalo kwa mama mwenye watoto wawili si zuri hata kidogo. Kampeni ya Nyumba ni Choo, ya kuhimiza vyoo bora majumbani Tanzania, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2017, ilifanya kazi kubwa ya kuwafanya watu walizungumze jambo hili bila haya, lakini jina lake lenyewe linatazama nyumbani, na mwanamke wa mjini hushinda mbali na nyumba yake.

Kwa hiyo simlaumu yule kijana wa duka la viatu, wala sitarajii kwamba Mwingereza asiyenijua ambebe mwanangu hadi chooni. Ziko sababu za msingi zinazowafanya hapa wawe na tahadhari na watoto wa wengine, na mimi ni mzazi, nazielewa. Ninachokitaka pande zote mbili ni mtu anayewajibika. Halmashauri ya Richmond upon Thames, jijini London, ilionesha njia moja ambayo naipenda: wenye migahawa na maduka wanaokubali hulipwa kiasi fulani kila mwaka, wanabandika stika dirishani, na mpita njia anaingia na kutumia choo bila kulazimika kununua kitu wala kujieleza. Nikiifikiria stika hiyo, akili yangu huenda Mtaa wa Kongo haraka kuliko mtaa wowote wa Uingereza. Yule mama tayari anaitoa huduma hiyo. Halmashauri ya jiji ikimlipia yeye na mwenye jengo maji, dawa ya kusafishia na komeo la mlango, mama mwingine asiye na mtoto mkononi ataingia pia, bila kusubiri ahurumiwe.

Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na tulipopita likizo hiyo ujenzi mpya ulikuwa unaendelea. Nina kaka aliyekuwa na biashara pale. Nimemwandikia barua ya kurasa mbili aifikishe kwa uongozi wa soko: vyoo viwe ghorofa ya chini ambako wazazi wanapita, kuwe na kiti kimoja cha kimo cha mtoto au hata kigoda cha mbao, bomba moja liwekwe chini, kila mlango uwe na komeo na ndoano ya kuning'inizia mkoba, na uendeshaji wake usikabidhiwe kwa yeyote atakayetaja dau kubwa. Barua ya pili, kwa Kiingereza, nimeipeleka mwenyewe kwa diwani wa kata yetu hapa, kuhusu kile kijumba cha matofali. Amenijibu kwamba suala hilo litajadiliwa kwenye kikao cha bajeti, na nimeomba ruhusa kazini siku hiyo ili niwepo.