Nilitoboa gitaa la zamani, na sijutii

Jumamosi iliyopita nilishika drili nikatoboa matundu mawili ya milimita 5 kwenye gitaa linalonizidi umri. Kabla ya hapo lilikaa mezani kwangu wiki tatu, mara nyingi miguu juu, na kila jioni nilipotoka kazini nililitazama, nikapima, nikaweka alama ya penseli, nikaifuta. Nilipowatumia picha wenzangu ninaopiga nao muziki hapa Dallas, mmoja alinijibu kwa neno moja: "Umeliharibu." Jibu hilo limenikaa kooni wiki nzima. Sikuliharibu, na nataka kueleza kwa nini.

Gitaa lenyewe ni Fender 400 la miaka ya 1960, gitaa la pedali lenye nyuzi nane. Kwa asiyelijua, hili halibebwi kifuani. Linasimama kwa miguu minne kama meza nyembamba, mpigaji ameketi nyuma yake, mkono wa kulia unadonoa nyuzi na wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake. Chini kuna pedali. Ukikanyaga, uzi unavutwa na sauti inapanda huku bado inalia. Kama ulikulia kwenye nyumba ambayo Jumapili mchana redio ilikuwa ya Don Williams, yule mwimbaji wa kantri, kama yetu kule Nakuru, unaijua sauti hiyo hata kama chombo chenyewe hujawahi kukitia machoni. Ni ile inayojikokota nyuma ya mwimbaji, inapanda polepole, halafu inatua pale pale moyo ulipokuwa unasubiri itue.

Wanakwaya watanielewa upesi zaidi. Chukua nyuzi tatu zilizotuniwa do, mi, so. Pedali moja inaipandisha so iwe la. Ya jirani yake inaipandisha mi iwe fa. Kanyaga zote mbili kwa pamoja: do haijasogea, mkono wa kushoto haujasogea, lakini umeshahama kutoka do-mi-so hadi do-fa-la. Mabadiliko ambayo kwaya nzima hufanya mazoezi ili yatoke bila kigugumizi, hapa yanafanywa na kifundo cha mguu.

Nililinunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu, kutoka gereji ambako lilikuwa limefunikwa kwa turubai. Kwenye Fender ya aina hii, kila pedali huvuta nyaya za chuma zinazopita chini ya gitaa hadi kwenye mtambo wenye springi ulio mwisho wa nyuzi. Nilipoligeuza, waya wa kwanza niliougusa ulikatika, ukabaki mkononi mwangu umechanua kama ufagio. Mingine miwili ilikuwa imeoza kwa kutu. Pale nyuzi zinapopinda juu ya mtambo, kila moja ilikuwa imejichimbia kijifereji chembamba ambacho ukucha unakihisi. Hapo ndipo uzi wa tatu, ule mwembamba kuliko wote, hukatikia, kwa sababu kila pedali inapokanyagwa unasuguliwa kwenye ukingo ule ule.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli miaka mingi, kwa hiyo nilimpigia simu Nakuru.

"Mzee, natafuta waya wa kuvuta springi kwenye gitaa."

"Gitaa linavutwa na waya?" Akacheka, kisha akawa fundi mara moja. "Wa breki au wa gia?"

Nikamweleza nafasi iliyopo. Akasema wa gia, ule wa milimita 1.2, kwa sababu wa breki ni mnene na utakataa kupinda pale penye kona. Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisoma popote: "Waya mpya usiufunge siku hiyo hiyo, mwanangu. Waya mpya huvutika. Uning'inize kwanza na uzito, ulale nao." Nikafunga nyaya kwenye boriti ya gereji, kila mmoja na ndoo ya maji, zikalala hadi asubuhi. Vijifereji nilivisugua kwa msasa wa namba 600, kisha 1000, kisha 2000 wenye maji, mpaka ukucha ukawa unateleza. Mtambo wote niliuosha kwa mafuta ya taa. Tangu siku hiyo uzi wa tatu haujakatika.

Kwa kazi hiyo hakuna aliyenilaumu. Kusafisha na kurudisha kilichokufa kila mtu anakubali. Ugomvi unaanza unapoongeza kitu ambacho kiwanda hakikuweka.

Gitaa langu lilitoka kiwandani na pedali nne tu, bila hata wenzo mmoja wa goti. Mguu wa kushoto unaweza kukanyaga pedali mbili zilizo jirani, na wa kulia una kazi yake kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza sauti. Kilichobaki bure ni magoti. Wapigaji wa leo hutumia magoti yote mawili: goti linasukuma wenzo pembeni, do inashuka nusu hatua ikawa ti, huku mguu unaendelea na mambo yake. Bila hilo, nusu ya nyimbo ninazozipenda sizifikii. Ninazijua, ninaziimba, lakini mikono na miguu yangu haiwezi kuzitoa kwenye chombo hiki.

Wanaosema gitaa la zamani liachwe kama lilivyo wanalichukulia kama kwamba kulikuwa na siku moja lilipokamilika. Siku hiyo siioni. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kisiwani Oahu, Hawaii, kijana wa shule aitwaye Joseph Kekuku, ambaye ndiye hutajwa kuwa mwanzilishi, alitelezesha chuma juu ya nyuzi za gitaa la kawaida. Gitaa lile halikuundwa kwa kazi hiyo. Ilibidi nyuzi ziinuliwe zisiguse mbao, kwa hiyo chombo kilianza maisha kwa kurekebishwa. Mwaka 1948 Paul Bigsby wa California, mtu aliyekuwa akishindana kwa pikipiki, alimtengenezea mpigaji Speedy West gitaa lenye pedali. Kisha mpigaji Bud Isaacs, aliporekodi na mwimbaji Webb Pierce wimbo "Slowly" uliovuma mwaka 1954, akakanyaga pedali huku nyuzi zinalia, msikilizaji akasikia sauti ikipinda. Wapiga gitaa la stili, hili la kutelezeshwa chuma, wote wakaitaka. Foleni kwa Bigsby ilikuwa ndefu, na wapo waliojifungia pedali wenyewe kwenye magitaa waliyokuwa nayo, ambayo wakati ule nayo yalikuwa mazima na mazuri.

Pedali ya Isaacs ilizipandisha nyuzi zote mbili kwa pamoja, so na mi kwa mpigo mmoja. Mpigaji Buddy Emmons hakuridhika. Mwaka 1956 akaigawa kazi ile katika pedali mbili, na mgawo huo ndio nilioueleza hapo juu, ndio unaotumika mpaka leo. Alianzisha kampuni ya magitaa ya Sho-Bud kule Nashville pamoja na Shot Jackson, akaondoka, na mwaka 1963 akawa na Ron Lashley wakitengeneza gitaa lingine lenye jina la Emmons. Katikati ya hayo akaongeza nyuzi mbili ambazo hazikuwepo kwenye mpangilio wa kutuni uitwao E9. Sneaky Pete Kleinow wa bendi ya Flying Burrito Brothers naye alipiga Fender 400 ya nyuzi nane kama hii yangu, akaituni kwa mpangilio wa B6 aliouchagua mwenyewe. Kama kila mmoja wa hawa angeambiwa "usiguse", tungekuwa tunazungumzia gitaa gani leo?

Na Leo Fender mwenyewe, mwenye jina lililo kwenye gitaa langu, alianza kama fundi redio kule Fullerton. Fungua gitaa hili utaona mkono wa fundi redio: skrubu zinafikiwa, waya unachomolewa kwenye ndoano yake na kupachikwa kwenye uzi mwingine kwa dakika chache. Mtu aliyelibuni hivyo alijua kwamba mwingine atakuja kulifungua.

Hata hivyo mimi nina mipaka yangu, na ni mikali. Rangi sikuigusa, ingawa imepasuka kama ardhi ya kiangazi upande mmoja. Sumaku inayonasa sauti ya nyuzi niliipima kwa mita ya umeme, nikaikuta hai, nikaiacha. Kuna duka moja lililonishawishi niweke mpya yenye nguvu zaidi, nikakataa, kwa sababu ile ya zamani ndiyo sauti yenyewe. Nyaya zote za awali, hata ule uliochanua, zimo kwenye kopo la majani ya chai lenye karatasi ya tarehe na mahali kila mmoja ulipokuwa. Yeyote atakayelirithi gitaa hili atalirithi na kopo lake.

Wenzo wa goti niliotaka kuongeza nilijaribu kwanza kuufunga kwa kibano, bila tundu lolote. Nilitaka sana ifanikiwe. Lakini baada ya nyimbo mbili kibano kinateleza, na do ikishuka hairudi mahali pake, inabaki chini kidogo, na kwenye chombo hiki kidogo hicho kinachafua kila kitu. Nilikaza, nikaweka mpira katikati, nikakaza tena. Wiki ya tatu nikakubali. Nikaanza na kikeekee cha milimita 2, kisha cha 5, ndani ya fremu ya chini ambako hakuna jicho linalofika bila kulipindua gitaa.

Jioni ile ile nikalisimamisha, nikatuni, nikampigia Baba nikaweka simu juu ya kiti. Do-mi-so. Goti likasukuma, do ikashuka ikawa ti, nikaliachia, ikarudi nyumbani. Nikapiga mara nne, tano. Upande wa pili kimya.

"Baba?"

"Rudia hiyo ya goti, taratibu."

Nikarudia.

"Kuna mahali waya unakwaruza," akasema.

Nikalala sakafuni na tochi. Waya wa uzi wa nane ulikuwa unagusa kichwa cha bolti ya pili. Nikaifungua, nikaigeuza kichwa upande wa pili, nikakaza.

"Sasa piga," akasema Mzee.