Miaka Miwili ya Kuchagua: Wahindi wa Kenya na Pasipoti ya Uingereza

Tuseme familia moja ya Kihindi pale Kisumu, Desemba 12, 1963. Babu kazaliwa Gujarat. Mwanawe, mwenye duka, kazaliwa Kisumu, na mjukuu vilevile. Wamelala chini ya paa moja, wakaamka kila mmoja na hali yake. Katiba mpya ilimpa uraia papo hapo mzaliwa wa Kenya aliyekuwa chini ya Uingereza, mradi mzazi wake mmoja awe naye mzaliwa wa Kenya. Mjukuu akapita bila kujaza fomu. Baba yake akapewa miaka miwili ya kuomba. Babu hakuguswa na kifungu hicho.

Serikali ilikuwa na hoja, tena nzito. Uraia wa nchi mbili ulikatazwa, kwa hiyo aliyeitaka Kenya ilimpasa kuukana wa Uingereza. Wahindi walikuwa zaidi ya 170,000, na sehemu kubwa ya biashara ilikuwa mikononi mwao. Mwafrika aliyebanwa miaka yote na sheria za mkoloni alikuwa na haki ya kumuuliza jirani yake yuko upande gani. Na miaka miwili si kufumba na kufumbua.

Ila mwenye duka naye aliona lake. Alitakiwa kurudisha karatasi aliyoijua ili apewe ahadi ya serikali ambayo haijatimiza hata mwaka. Wako walioomba kwa wakati, wakasubiri majibu mpaka wakachoka. Mwaka 1967 zikaja sheria za uhamiaji na leseni za biashara, na asiye raia akawa hana uhakika wa kazi wala duka. Ni rahisi kuwatupia methali ya mshika mbili. Lakini hawa waliruhusiwa kushika moja tu, na hiyo moja nayo ikaja kuponyoka.

Maana lawama kubwa, kwangu mimi, iko London. Sheria ya Uingereza ya 1962 iliwawekea kizuizi cha kuingia Uingereza wenye pasipoti zilizotolewa na serikali za makoloni, si zile za serikali ya Uingereza yenyewe. Baada ya uhuru gavana hayupo; pasipoti zikawa zinatolewa na ubalozi wa Uingereza Nairobi. Mtu yule yule, uraia ule ule, ila mtoaji kabadilika na mlango ukafunguka. Watu walipoanza kuingia kwa wingi, Bunge la Uingereza likapitisha sheria nyingine kwa siku tatu, ikaanza Machi 1968: ili uingie bila kizuizi, lazima wewe, mzazi au babu yako awe na asili ya Uingereza yenyewe. Mlowezi mzungu alipita. Mwenye duka wa Kisumu akapangiwa foleni ya vibali 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa familia.

Na kipimo kile cha Katiba ya Kenya, cha mzazi kuwa mzaliwa wa Kenya, hakikuwabana Wahindi peke yao. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani hawakuwa na ubalozi wa kukimbilia. Oktoba 2016 walianza kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai vitambulisho, zaidi ya miaka hamsini baada ya bendera kupandishwa.