Jua Likizama, Usifungashe Kamera

Wapiga picha wengi wa machweo huondoka mapema mno. Jua likigusa upeo wa macho wanabonyeza mfululizo, likizama tu wanafunga mkoba na kwenda zao. Naona hapo ndipo wanapoikosa picha yenyewe.

Sibishi kwamba muda ni mfupi. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, na jua tunaloliona lina upana wa nusu digrii tu. Karibu na ikweta, ambako hushuka wima, kuanzia ukingo wake wa chini uguse upeo mpaka ule wa juu upotee ni dakika 2 na ushei. Ukienda mbali na ikweta linashuka kimshazari, nawe unapata nafasi zaidi. Dakika hizo si za kuhangaika na vitufe. Pa kusimama, lenzi, mti au mtu wa kuweka mbele ya mwanga, vyote viamuliwe jua likiwa bado juu.

Kinachoniuma zaidi ni rangi kuharibiwa na kamera yenyewe. Ukiiachia iamue, wekundu huuhesabu kuwa kasoro na kuusahihisha, ukaishia na anga iliyofifia ambayo hukuiona kwa macho yako. Chagua mpangilio wa rangi wa mwanga wa mchana, ule wenye alama ya jua. Kwenye simu, gusa anga pembeni mwa jua, shikilia kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha shusha mwanga taratibu hadi mikunjo ya mawingu ianze kuonekana. Vitu vya mbele vitakuwa vyeusi; viache viwe vyeusi. (Na tafadhali, usichungulie jua kupitia kitazamio cha kioo cha kamera yenye lenzi ndefu. Jicho huungua.)

Jua likishatoweka, baki. Miale yake bado inayafikia mawingu membamba ya juu sana, ikiwa imepita katika hewa nyingi iliyotawanya ubuluu na kubakiza wekundu. Mawingu yaliyokuwa ya kijivu huwaka kwa chini: kwanza manjano, kisha waridi, halafu zambarau. Si kila siku. Wingu zito likiziba magharibi, hakuna kitu. Lakini anayeondoka hawezi kujua.

Tena geuka utazame mashariki, upande ambao karibu kila mtu ameupa kisogo. Anga ikiwa safi utaona ukanda wa waridi, na chini yake utepe wa buluu-kijivu unaopanda polepole. Ule ni kivuli cha dunia. Hudumu dakika chache tu kabla ya kuchanganyika na giza, na kwa kuwa mwanga umeshapungua, mkono mtupu hautoshi: tumia tripodi, au egemeza simu kwenye jiwe na uweke kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise.