Nani Kakalia Rimoti?

Mtu akikuambia mwanafunzi wa bweni hana haja ya televisheni kwa kuwa ana simu, muulize kama amewahi kutazama fainali kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, vichwa vitano vimebanana juu yake, kimoja kina mafua. Mpira unakuwa nukta. Kipa nukta. Refa nukta inayokimbia na nukta nyingine. Mnaruka, mnashangilia nukta imevuka mstari, halafu mwenye simu anapitisha kidole na kusema, "Hiyo ilikuwa uchafu."

Basi tukakubaliana chumbani kwetu itafutwe televisheni. Hela hatuna, hilo halikuhitaji kikao. Lakini bweni lina utajiri wake: kila mtu anajua njia ya bei poa. Kasoro ni kwamba hakuna anayekwambia hiyo bei poa, kabla haijawa poa, ilipozwa na nani. Mimi nakwambia. Ni mimi. Silipi hela. Nalipa usingizi, chaja, nguo, na mara nyingine mwili mzima.

Tuanze na mwili.

Ghorofa ya juu yuko jamaa anasoma uhandisi wa umeme. Tunamwita Injinia tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kabla hajafanya hata jaribio. Ndiye aliyetuletea habari ya antena ya kujitengenezea, na kwa hili sina ugomvi naye, maana alichosema ni kweli. Katika nchi nyingi kuna chaneli za bure zinazorushwa hewani kidijitali. Ukiwa na king'amuzi, au televisheni yenye king'amuzi ndani, unazinasa bila kulipia mwezi wala wiki. Antena yenyewe ni hesabu za darasani: masafa ya megahezi 500 yana wimbi la sentimeta 60, antena rahisi ni nusu ya wimbi, yaani sentimeta 30, ukiigawa mikono miwili kila mkono unapata kama 15. Waya vipande viwili, kebo, gundi, umemaliza. Injinia alitueleza yote hayo taratibu, kwa upole, huku ameshika henga yangu ya shati. Nikawa najiuliza kaishikia nini. Akaikata.

Picha ikaja, safi kabisa. Injinia akaenda kunawa mikono, picha nayo ikaenda. Akarudi, ikarudi. Akasogea kando, ikakatika. Hapo tukapewa somo la bure: mwili wa binadamu umejaa maji na chumvi, kwa hiyo mawimbi ya redio yanauona. Ukisimama karibu na antena unaweza kuyavuruga, au ukiwa na nuksi kama yangu, kuyanyoosha. Sasa Injinia ana maabara jioni. Ikapigwa kura. Mimi sikupiga, kwa sababu wakati wanapiga nilikuwa tayari dirishani nimeshikilia waya, "kwa muda tu, ndugu yetu."

"Hapo hapo! Usipumue!"

"Inua mkono. Wa kushoto. Kushoto kwako, siyo kwetu!"

Filamu nzima nimeitazama kwa masikio. Uso dirishani naangalia mahali pa kuanikia nguo, mgongo kwenye kioo. Wakicheka nauliza, "Kafanyaje?" Naambiwa, "Nyamaza, unatikisa."

Na msidhani kutikisika ni jambo dogo. Enzi za analojia, ishara ikilegea picha ilikuja na chenga, mtu akavumilia, akaambulia hata kivuli. Dijitali haijui kuambulia. Inapungua kidogo, picha bado safi. Inapungua tena kidogo, bado safi, mnajisifu. Kisha kitu kimoja tu, pengine kwikwi yangu, na mtangazaji anavunjika miraba miraba, mdomo unahamia shavuni, sauti inakata. Nimewahi kumkatisha waziri sentensi kwa kujikuna bega. Kuna aliyeleta busta ya bei ya kutupa akidhani itanipunguzia zamu, lakini busta haichagui: inakuza ishara na makelele yake yote kwa pamoja. Dirishani ni afadhali kuliko ukutani, kwa kuwa zege lenye nondo linazuia mawimbi. Juu ni afadhali kuliko chini. Ndiyo maana siku hizi nasimama juu ya kiti.

Kioo chenyewe ni monita ya kompyuta iliyokuwa inatupwa. Njia nzuri, naikubali, ni nafuu kuliko televisheni yoyote ya dukani. Ila kabla hujaibeba ghorofa tatu, igeuze uone ina matundu gani nyuma. Yetu ina VGA na DVI. VGA haibebi sauti, picha tu. King'amuzi kinatoa HDMI, tundu la kisasa la picha na sauti pamoja, kwa hiyo ikatafutwa kebo ya kwenda DVI, ikafika, tukawasha, kikatokea kioo cheusi na maandishi ya kukataa. Kumbe kuna ulinzi dhidi ya wizi wa video unaitwa HDCP: kifaa kinauliza monita, "Wewe unaaminika?" na monita ya kizamani haina la kujibu. Tumeishi nayo wiki nzima inatuhumiwa wizi chumbani kwetu, mpaka Injinia akapata monita nyingine.

Hiyo nyingine inaaminika, lakini haina spika. Spika ninayo mimi. Soketi iliyobaki ipo kwenye kichwa cha kitanda changu. Unganisha mwenyewe. Taarifa za habari za saa sita usiku huwa nazipokea kupitia fuvu. Asubuhi nafahamu bei ya mafuta duniani na sijui nimejuaje.

Sasa mwenzangu wa chumba, anayesoma sheria, akaona habari za waya ni ushamba. Akaazima kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI, kile kinacholeta filamu za intaneti kwenye kioo kikubwa. Kitu kizuri mno, kwa watu wenye intaneti ya nyumbani. Waifai ya bweni kwanza inakuletea ukurasa uandike namba ya usajili na pasiwedi. Kijiti hakina pa kufungulia ukurasa huo, kwa hiyo kinakaa mlangoni na kuzungusha kiduara. Nenda ofisi ya kompyuta wakusajilie namba ya kifaa, wanaisajili, unarudi unaimba. Simu inatafuta kijiti, haikioni. Viko mita moja, vinatazamana, havijuani! Mitandao mingi ya vyuo inatenganisha vifaa makusudi, ili jirani asichungulie kompyuta ya jirani. Mwanasheria alikihoji kile kijiti jioni nzima, akakiomba, akakitishia kukirudisha. Mwisho likapatikana jibu la zamani na la uhakika kuliko yote: kebo ya HDMI kutoka kwenye laptopu moja kwa moja hadi kwenye monita.

Laptopu ya nani? Msiulize maswali ambayo majibu yake mnayo.

Halafu bando. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba video ya ubora wa HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na ubora wa chini kabisa kama 0.3. Kwa bando la mwanafunzi unachagua ya chini, na hapo waigizaji unawatambua kwa sauti. Ndiyo maana wajanja hupakua kwenye waifai ya chuo usiku wa manane, mtandao ukiwa umelala, wakatazama kesho bila bando. Hilo nalo ni shauri jema. Likaja swali la nani aamke saa tisa usiku kubonyeza. Wakanigeukia wote. "Wewe si upo macho na spika?"

Pasiwedi za kuazima nazo zina visa vyake. Mwaka 2017 Netflix iliandika hadharani, kwa mahaba, kwamba upendo ni kushirikiana pasiwedi. Mwaka 2023 upendo ukapigwa hesabu, ikaanza kubana akaunti zinazotumiwa nje ya kaya moja. Kwa hiyo ukisikia chumba kinajivunia akaunti ya shangazi wa mtu, jua hiyo ni neema ya muda. Afadhali uangalie kama huduma unayoitaka ina bei ya wanafunzi. Zipo, wanachotaka ni uthibitisho wa chuo, na mnaweza kuchanga. Sisi tulichanga huduma moja, jina naliacha, nikajisahau nikawaachia ukurasa wangu. Siku hizi napendekezewa vipindi vya kupamba harusi na makala za papa wa baharini. Chumba hakina anayekiri.

Tena mtandaoni pana adha nyingine ambayo haiandikwi kwenye tangazo: kuchelewa. Matangazo ya moja kwa moja ya intaneti yanaweza kuwa nyuma ya antena kwa nusu dakika au zaidi, kwa kuwa video inakatwa vipande, inasafirishwa, inarundikwa kwanza ndipo ichezwe. Siku ya mechi kubwa chumba cha pili walikuwa na antena, sisi tukajifanya wa kisasa. Tunaangalia mpira wa kurushwa katikati ya uwanja, hauna hatari wala dalili, ghafla ukuta mzima: "GOOOLI!" Tukatazamana. Mwanasheria akasema tutulie, ushahidi wa kusikia haupokelewi. Tukakaa tumeduwaa, tunamtazama mshambuliaji anakokota mpira kwenda kufunga bao ambalo jirani ameshamaliza kulishangilia na kwenda msalani. Kipindi cha pili nikarudishwa kwenye kiti changu dirishani, tena safari hii kwa heshima.

Mwanasheria ndiye pia aliyetuletea sheria ya Uingereza, akaifurahia mno. Kule, kutazama matangazo ya moja kwa moja kunahitaji leseni ya televisheni. Lakini mwanafunzi ambaye wazazi wake wana leseni nyumbani anaweza kujifunika na ya kwao akiwa chuoni, alimradi kifaa kinatumia betri yake ya ndani tu na hakikuchomekwa kwenye umeme wala kwenye antena. Yaani mtu yupo chumbani, soketi iko mkononi pake, dakika ya 88, betri asilimia 3, na chaja ni kosa. Nikasema hapo mimi ningepata raha ya maisha. Chaja yangu ingelala.

Kilichoniuma zaidi ni habari ya wale wanafunzi wa École Centrale Paris, chuo cha uhandisi cha Ufaransa. Mwaka 1996 mtandao wa bweni lao ulikuwa wa kobe, wakaanzisha mradi: badala ya kila chumba kuwa na dishi lake, dishi moja lipokee televisheni ya setilaiti, seva iisambaze kwenye kompyuta za wanafunzi wote kupitia mtandao wa chuo. Huo mradi ndio VideoLAN, na ndani yake ikatoka VLC, ile programu ya bure yenye koni ya rangi ya chungwa ambayo umeitumia bila kujua ni mtoto wa bweni. Mwaka 2001 wakaiachia dunia nzima. Koni ni kwa sababu chama chao cha mtandao kilikuwa kinakusanya koni za barabarani. Wenzetu shida ya televisheni imewatoa VLC. Sisi imetutoa henga.

Injinia alimpelekea mlezi wa bweni habari hiyo yote, amechora na mchoro, anaomba dishi moja tu. Mlezi akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mwanangu, hizo koni walizitoa wapi?"

Wageni ndio tusiwaongelee. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bweni halina jembe. Wanakuja kwa mechi, wanabaki kwa tamthilia, wanauliza chakula. Na kila mmoja ana madaraka juu ya rimoti: huyu alileta kebo, yule alichangia king'amuzi, yule mwingine alibeba monita ghorofa moja kati ya tatu na anadai theluthi ya maamuzi. Rimoti ikipotea tunajua kuna aliyeikalia kwa makusudi, na hakuna anayesimama kwa sababu akisimama tu kiti kimekwenda. Mbaya zaidi kuna kijana wa mwaka wa kwanza ana simu yenye taa ya infraredi. Anapita koridoni, mlango uko wazi, anaelekeza, katuni. Watu wanageuka wananitazama mimi dirishani. "Umetikisa!"

Sasa limezuka jipya: projekta. Kuna ya kuazima, ndogo, haina mwanga wa kutosha mchana lakini usiku taa zikizimwa inatosha ukuta. Ukuta wetu una madoa, kwa hiyo inahitajika shuka nyeupe, safi, ya kutandazwa tangu jioni hadi tamthilia iishe. Kikao kiliitishwa jana. Ikaulizwa nani ana shuka nyeupe. Chumba kizima kikageukia kitanda changu, na mimi nikawa nimeshaikalia.