Mnaposema "ondoa", mkulima afanye nini?

Nina kipeperushi hapa kuhusu sumukuvu kwenye mahindi, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu. Kiligawiwa kwenye mafunzo ya wakulima upande wa Uyole, Mbeya, na kila nikikisoma hasira inapanda. Picha zake nzuri, karatasi inang'aa, na karibu kila sentensi ina neno lile lile: uondoaji wa unyevu, uondoaji wa punje, uondoaji wa maganda, uondoaji wa uchafu, uondoaji wa sumukuvu. Kazi tano zenye vifaa vyake na wakati wake zimevalishwa sare moja.

Siku ile mama mmoja mtu mzima alinyoosha mkono. "Mwanangu, hapa mmeandika niondoe punje. Kwenye gunzi au kwenye ungo?" Mtoa mada akamjibu, "Mama, ni hatua zote za uondoaji kwa ujumla." Mama akashukuru, akakaa. Alishukuru kwa sababu ana adabu. Swali lake halikujibiwa, na hakuna swali la maana kuliko hilo lililoulizwa mchana ule.

Kuondoa punje kwenye gunzi ni kupukuchua. Wapo wanaopukuchua kwa mkono, wapo wenye mashine, na wapo wanaojaza mahindi kwenye gunia na magunzi yake wakayatwanga fimbo mpaka punje ziachie. Zile fimbo zinapasua punje, na kuvu huingia kirahisi kwenye punje iliyopasuka. Kwa hiyo namna ya kupukuchua ni sehemu ya kinga. Kipeperushi hakijasema lolote kuhusu hilo, maana "uondoaji" hauna mkono wala fimbo ndani yake.

Kuondoa punje kwenye ungo ni jambo jingine kabisa, na hapo pia kuna kazi zaidi ya moja. Ukipepeta, makapi na punje nyepesi zilizoliwa na wadudu zinaruka. Lakini punje yenye ukungu wa kijani karibu na kiini, ikiwa bado na uzito wake, inarudi kwenye ungo pamoja na nzima. Hiyo inataka kuchambuliwa. Mtu anakaa mahali penye mwanga, anatandaza mahindi machache machache, anaitafuta kwa jicho, anaitoa kwa kidole: iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyopasuka. Sumukuvu haisambai sawasawa gunia zima. Mara nyingi imejaa kwenye punje chache mbovu, na ndiyo maana mwanamke anayechambua vizuri anakinga familia yake kwa kiasi kikubwa kabla hata ya kwenda mashineni. Mwambie "chambua" na ataelewa akae vipi na atazame nini.

Halafu kuna hiyo "kuondoa sumukuvu", ambayo ndiyo inayoniumiza zaidi. Mtu akisoma hivyo anaamini inatoka, na inaisha. Haiishi. Moto wa jikoni hauimalizi, ugali uive utakavyoiva. Kuchambua kunaipunguza, kukoboa kunaipunguza, na ukifanya vyote viwili unaipunguza zaidi. Kupunguza na kuondoa si kitu kimoja, na anayeambiwa ameondoa ataacha kujihadhari. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa kwa sumu hii Dodoma na Manyara. Hatuna ruhusa ya kuandika ovyo juu ya jambo kama hilo.

Hata unyevu hauondolewi. Mahindi ya kuhifadhi yanaanikwa, juu ya turubai na si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5 au chini yake. "Anika" ni neno fupi, na kila mtu kuanzia Makambako hadi Tunduma anajua linamtaka afanye nini.

Kibaya kingine cha neno hili ni kwamba halisemi kilichotolewa kimeenda wapi. Ukikoboa mahindi mabovu, sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye pumba. Na pumba kwetu hazitupwi. Wanapewa kuku, nguruwe, na ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake inatokea kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo, na kuyachemsha hakuisaidii. Rungwe na Njombe zimejaa ng'ombe wa maziwa. Mama anaona "ameondoa" kwenye ugali, kumbe ameihamishia kwenye kikombe cha mtoto, na kipeperushi chetu kimempongeza.

Wachimbaji dhahabu wa Chunya nao wanalijua hili, au wangepaswa kuambiwa waziwazi. Anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki juu ya moto wa wazi haiondoi zebaki. Anaipeleka hewani na kwenye mapafu yake. Mkataba wa Minamata wa 2013 wenyewe unazitaka nchi zipunguze zebaki kwenye uchimbaji mdogo, na pale inapowezekana ziiondoe kabisa. Waliouandika waliona haja ya kutenganisha maneno hayo mawili.

Kahawa ya Mbozi ni hivyo hivyo: tunda linamenywa, linachachushwa, linaoshwa, linaanikwa, kisha linakobolewa kiwandani. Mwandikie mkulima "ondoa ganda" atakuuliza ganda lipi. Na Mufindi, kupogoa matawi na kupunguza miti shambani ni kazi mbili ambazo ukizichanganya unakata mti uliopaswa kubaki.

Nitaambiwa vipeperushi vinaandikwa kwa mikoa yote, na neno la huku huenda lisieleweke Lindi. Sawa, kuna tofauti za hapa na pale. Lakini kupukuchua, kupepeta, kuchambua na kukoboa ni Kiswahili cha kamusi, hakuna aliyeomba Kinyakyusa wala Kihehe. Nitaambiwa pia baridi yetu inaipa shida kuvu inayotengeneza sumukuvu. Ni kweli kwa Makete. Usangu kuna joto, na kwenye baridi kuna kuvu nyingine yenye sumu yake, fumonisini, ambayo nayo inapungua kwa kuchambua na kukoboa.

Wataalamu wetu wanajua haya yote kuliko mimi, na wengi wamezaliwa kwenye nyumba zenye ungo ukutani. Toleo lijalo la kipeperushi hicho naomba liandikwe hivi, na kabla ya kuchapwa lisomwe mbele ya akina mama waliopanga foleni mashineni: Anika juu ya turubai. Pukuchua bila kupasua punje. Pepeta, kisha chambua kwa mkono. Punje mbovu zifukie, usimpe mnyama yeyote. Koboa kabla ya kusaga. Na kama mahindi yalikuwa na ukungu, pumba zake usimpe ng'ombe unayemkamua.