Jani la kijani kwenye chupa halitoshi

Mwulize mnunuzi bidhaa endelevu ni ipi, na aghalabu atakuonyesha kifungashio: karatasi badala ya plastiki, rangi ya udongo, jani la kijani pembeni. Kama ni sabuni, yenyewe imetengenezwa kwa vitu gani, kiwanda kinatumia nishati gani, maji machafu yanamwagwa wapi, hayo hayaulizwi. Simlaumu. Kifungashio ndicho kinachobaki mkononi sabuni ikiisha, na ndicho anachokiona kimezagaa barabarani. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu hutokea asikofika: shambani, mgodini, kiwandani. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana ni rahisi kwao kubadili chupa kuliko kubadili kilichomo.

Chukua mfuko wa pamba, ule wa kutundika begani ambao kila mwenye kujali mazingira anao, na pengine anayo kumi. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilitoa ripoti iliyoulinganisha na mfuko wa plastiki laini wa dukani unaotumika mara moja kisha ukawekewa taka za nyumbani. Kwa upande wa tabianchi peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumika mara 52 ndipo ulingane na ule wa plastiki. Kwa kigezo ambacho pamba hufanya vibaya kuliko vyote, cha kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, zikawa mara 7,100. Pamba ya kilimo hai, ambayo wengi wetu tungeichagua macho yamefumba, ilihitaji mara 149 kwa tabianchi na 20,000 kwa ozoni, kwa kuwa mavuno yake yalihesabiwa kuwa machache zaidi kwa eneo lilelile. Ripoti haikuhesabu plastiki inayoishia baharini, na kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba mfuko wa pamba hauwi endelevu siku unaponunuliwa. Ukigawiwa bure kwenye kila mkutano na kurundikwa kabatini, ni hasara tupu.

Halafu kuna ile pembetatu ya mishale chini ya chupa. Wengi huisoma kuwa "hii itarejelezwa". Nambari iliyomo ndani, 1 hadi 7, ilibuniwa na wenye viwanda vya plastiki Marekani mwaka 1988 ili kutaja aina ya plastiki, na haiahidi kwamba kuna mtu atakayeikusanya chupa hiyo. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizokwisha kuzalishwa duniani hadi 2015, takriban asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa. Neno "inaoza" nalo lina masharti yake. Vikombe vingi vya plastiki itokanayo na mahindi vinahitaji kituo maalumu cha mboji chenye joto la karibu nyuzi 60. Ukikitupa kichakani kitakaa hapo miaka.

Ulaya imeona ichukue hatua. Uchunguzi wa Tume ya Ulaya mwaka 2020 ulipitia madai 150 ya kimazingira kwenye bidhaa na kukuta zaidi ya nusu hayaeleweki, yanapotosha au hayana msingi. Kuanzia Septemba 2026, sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza kuandika "rafiki wa mazingira" na mengine ya aina hiyo bila ushahidi. Ni jambo jema, ila litasafisha lebo zaidi ya litakavyobadilisha bidhaa.

Mimi kinachonivutia zaidi ni walichofanya Wafaransa. Kuanzia Januari 2021, simu, kompyuta mpakato, televisheni na mashine za kufulia zilizouzwa kule zililazimika kuonesha alama, kati ya 10, ya jinsi zinavyotengenezeka zikiharibika. Walipima kama maelekezo ya ufundi yanapatikana, kama kifaa kinafunguka bila kuvunjwa, kama spea zipo, na spea hizo zinauzwa bei gani ukilinganisha na kifaa kipya. Hicho cha mwisho ndicho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu kioo cha simu kikikaribia bei ya simu mpya, hakuna atakayetengeneza hata kifunguke vizuri namna gani.

Kuna wanunuzi wanaouliza maswali hayohayo bila kufundishwa na mtu: betri inabadilishwa? Fundi ataiweza? Mshono huu utahimili? Ni watu wanaovaa mitumba na kupeleka redio kwa fundi kwa mara ya tatu. Ukiwauliza kama wananunua bidhaa endelevu watakwambia hapana, zile ni ghali.